Mtani Haombi Radhi

Simu ya nyumba haikuwahi kutoka sebuleni tangu siku Kalunde alipoifungisha, na Mzee Lugusha hakuona sababu ya kuitoa sasa, miaka miwili baada ya Kalunde mwenyewe kutolewa kwa jeneza. Lakini tangazo lilikuwa tangazo. Wakubwa wa Mamlaka ya Sauti walishasema: kufikia mwisho wa Machi, kila simu ya nyumba inayopita kwenye intaneti ielekezwe kwenye programu ya kiganjani, kila mwenye nyumba aibebe mfukoni, na visanduku vya sebuleni vibaki kupokea na kupitisha tu. Wakasema ni maendeleo. Lugusha alikuwa na miaka sabini na minne, na maendeleo alishayaona mengi. Karibu yote yalimjia yakiwa na fomu.

"Bonyeza nyota, saba, mbili," alisema Bi Devota, Afisa Sauti wa Kata ya Ng'ambo, aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba mjini Tabora akiwasaidia wazee. "Kisha namba ya programu yako mpya. Halafu reli."

"Reli ya kwenda Kigoma au ya Mwanza?"

"Mzee, nina nyumba kumi na nne kabla ya adhuhuri."

"Basi ungeanza na hizo kumi na tatu."

Bi Devota alicheka kwa pua. Alikuwa mama wa makamo, Mpare, mwenye viatu vilivyoinamia upande mmoja kwa kutembezwa. Lugusha alikuwa amejiandaa kumchukia kwa kuwa ni mtu wa serikali, lakini viatu vile vilimharibia.

Aliinua kitambaa cha kufuma kilichofunika kisanduku. Kalunde alikifuma kwa uzi wa njano, akakosea upande mmoja, akasema atakirudia, asikirudie. Lugusha alibonyeza nyota, saba, mbili, akasomewa namba, akabonyeza na reli. Kisanduku kilikoroma kidogo, kikasema kwa sauti ya mwanamke asiyetoka kokote: "Simu zote za nyumba hii sasa zitaelekezwa kwenye programu."

"Ndio hivyo tu?"

"Ndio hivyo. Sasa ukiwa bandani kwako, ukiwa msikitini, ukiwa wapi, simu inakufuata."

"Na Msikizi naye ananifuata."

"Msikizi yuko kwa usalama wako, mzee. Matapeli wamewamaliza wazee nchi hii."

Alilijua hilo, redio iliimba kila siku. Simu ya sebuleni haikuwekewa Msikizi, kwa sababu sheria ya zamani ilisema simu ya sebuleni ina mashahidi wake. Ikilia, inalia kwa nyumba nzima; anayepokea anapokea mbele ya watu, na sauti inatoka wazi kama ya mgeni aliyekaa kitini. Nani atamtapeli bibi mbele ya wajukuu saba? Simu ya mfukoni haina mashahidi. Basi wakubwa wakaweka shahidi wao, akili ya mashine isiyolala, inayosikiliza kila neno na kuingilia ikiona hatari.

Lugusha aliona ujinga wa wazi kabisa katika jambo hilo. Kwanza wanakunyang'anya mashahidi, kisha wanakuletea wa kwao. Lakini yeye aliishia darasa la nne, na mtu wa darasa la nne akisema jambo la wazi huambiwa hajaelewa.

Hata hivyo, na hili hakumwambia Bi Devota, moyoni alifurahi kidogo. Tangu Kalunde aondoke, sebule ile ilimtosha kuipita tu. Ijumaa kwa Ijumaa alijilazimisha kukaa mle baada ya alasiri, kwa ajili ya simu moja, ameuelekea ukuta, mikono magotini kama anayengoja kuitwa na daktari. Sasa simu hiyo ingemkuta bandani, katikati ya mizinga yake ya nyuki, tezo ya kuchongea mkononi.

*

Ijumaa ilipofika ilimkuta huko kweli. Alikuwa akifukua gogo la mninga liwe mzinga wa nyuki, vumbi la mti limemjaa ndevuni, programu ikalia mfukoni. Aliitoa na kuiegemeza kwenye kopo la misumari.

"Wewe mzoga," ilisema sauti ya kike, pana, ya mtu aliyekaa mkao wa kula. "Bado unapumua?"

"Napumua. Na wewe je, wazikaji wamekusahau?"

"Walikuja. Nikawaambia, mimi Mzaramo nazikwa kwa utaratibu, anzeni na yule Mnyamwezi wa Tabora, keshaanza kunuka."

Huyo ndiye Bi Tatu Kondo wa Maneromango, mtani. Zamani, kabla ya reli, Wanyamwezi walibeba mizigo kwa miguu hadi pwani, na Wazaramo ndio waliowapokea njiani. Kutoka hapo makabila hayo mawili yakapeana ruhusa ya kutukanana bila kukasirika, ruhusa isiyo na mwisho. Kalunde alipokuwa akipeleka asali Kisarawe alifikia kwa Tatu, na miaka arobaini wanawake hao walitukanana kwa mapenzi makubwa, wakiwa ana kwa ana au kwa simu ya sebuleni, Ijumaa kwa Ijumaa. Kalunde alipokea kwa kupiga kelele, "Nani kamfungulia huyu mbwa?" Majirani walikuwa wakiacha kazi zao na kuja kukaa kizingitini, na binti wa Kalunde na Lugusha, Nyamizi, alijifunza matusi yote kabla ya kujifunza kusoma.

Siku ya maziko ya Kalunde, Tatu alishuka kwenye treni, akavaa kitenge cha marehemu, akalala ukingoni mwa kaburi na kusema hazikwi mtu hapa mpaka apewe jogoo. Alipopewa jogoo akamkataa, akisema mwembamba. Kisha akaigiza sauti ya Kalunde, vilevile hasa: "Lugusha, hicho ulichovaa ni suruali au umejifunga gunia?" Na Lugusha, aliyekuwa hajalia wala kula kwa siku mbili, alicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakukoma. Ndugu wote walimpa pole. Tatu peke yake ndiye aliyemvusha.

"Nakusikia kwa sauti nyembamba leo," alisema Tatu. "Umeniweka kwenye kopo?"

"Wakubwa wamehamisha simu. Sasa niko nawe bandani."

"Alaa. Kwa hiyo Kalunde ndiyo umemwacha sebuleni peke yake."

Lugusha aliweka tezo chini. Ilikuwa imemchoma, na kuchomwa huko kulikuwa kuzuri. Hakuna mwingine aliyebaki wa kumchoma hivyo.

"Sebule ina hewa nzuri," alisema. "Yeye ndiye aliyenifukuza."

"Hakukosea. Sasa nisikilize vizuri. Sanda yako nimeshaishona. Ijumaa ijayo nakuja na jembe langu. Kama hujafa kwa hiari nitakuzika hivyo hivyo ukipiga kelele, kisha nimle mbuzi wako kwenye matanga yako."

Programu ilitoa mlio laini. Ile sauti isiyotoka kokote ikaingia katikati yao.

"Samahani, Mzee Lugusha. Maneno uliyoambiwa yana dalili za tishio la kifo. Je, unathibitisha kwamba mpigaji anakutisha? Sema ndiyo au hapana."

Kisha Tatu akaanza kucheka, kicheko chake cha tumboni, kilichokatwa katikati na pumu.

Hapa ndipo Lugusha alipofanya alilofanya. Mtu wa kabila lisilo na utani angejibu hapana, akaendelea na mambo yake. Lakini mtani akirushiwa mpira haachi upite. Mwanamke yuko upande wa pili anacheka, serikali nzima imekuja kuuliza, na midomo yake ilishajaa jibu kabla akili haijakaa sawa.

"Ndiyo," alisema kwa sauti ya huzuni kubwa. "Tena sana. Huyu mwanamke ni muuaji, mume wake mwenyewe alimla na chumvi. Mfungeni. Mkiweza na viboko mpeni."

"Lo, Mnyamwezi ananishitaki," alisema Tatu kwa furaha. "Njooni basi mnifu—"

Simu ikakatika. Lugusha alicheka peke yake kwa dakika nzima, akachukua tezo.

*

Ijumaa iliyofuata hakuna aliyepiga. Aliulaumu mtandao. Akajaribu kumpigia yeye, akaambiwa namba hiyo imezuiwa kwa usalama wake. Akawalaumu wakubwa, ambao hulaumika kwa lolote. Jumanne programu ikamletea ujumbe mrefu, akausoma kwa kidole neno moja moja mpaka alipofika penye "shauri lako limeshughulikiwa," na hapo kidole kikasimama. Hakuwa na shauri lolote. Alivaa kofia akaenda ofisi ya kata.

Bi Devota alisoma kwenye kioo cha kompyuta mezani, akavua miwani.

"Mzee, umemfunga mtu sauti."

"Mimi?"

"Tatu binti Kondo, Maneromango. Tishio la kifo, limethibitishwa na mtishwa. Miaka miwili."

Kufungwa sauti kulikuja na sheria mpya. Siku hizi sauti ya mtu ndiyo kitambulisho chake. Kila sauti imesajiliwa, na kila laini nchini inaitambua. Ukifungwa, unaweza kupokea simu na kusikia, lakini sauti yako haivuki. Unasema, upande wa pili hawasikii kitu. Huhitaji gereza wala askari.

"Yule ni mtani wangu," alisema Lugusha.

"Nilijua hata kabla hujafika. Nilipoona mbuzi na matanga, nikasema hawa ni watani."

"Sasa kama wewe unajua, kwa nini hiyo mashine yenu haijui?"

"Tuliandika juu tangu mwaka jana. Wakatujibu tuwapelekee orodha ya matusi ya utani ili waifundishe. Tukawapelekea mia tatu. Watu wakaacha kuyatumia yale, wakatunga mapya."

"Lazima. Nani atatukana kwa tusi la serikali?"

"Ndio hapo."

"Basi ni wao. Hawajui lolote kuhusu watu, wamekaa huko juu wanabonyeza vitufe. Wamechukua simu ya mke wangu, wamechukua—"

"Mzee." Hakupandisha sauti. "Mashine iliuliza. Wewe ukasema ndiyo."

Lugusha aliinua macho. Ukutani kulikuwa na kalenda yenye picha ya mtu aliyevaa tai. Alizoea kwamba akiangalia picha ya mtu wa tai, hasira hupata pa kutua. Safari hii haikutua.

"Ana pumu," alisema mwishowe.

"Nimeona. Ndiyo maana sijakutania." Bi Devota aligeuza kioo kidogo, kama kwamba Lugusha angeweza kusoma haraka hivyo. "Zahanati ya kwao hutoa kipumulio kwa sauti ya mgonjwa mwenyewe, kwa simu, ili dawa zisiibwe. Alichonacho kitamfikisha kama wiki mbili. Njia ziko mbili. Ya kwanza, aombe radhi mbele ya ofisi, aahidi hatarudia kukuambia maneno ya namna hiyo. Anafunguliwa siku hiyo hiyo. Akirudia, anafungwa moja kwa moja."

"Na ya pili?"

"Ya pili uape kwamba ulisema uongo. Anafunguliwa. Lakini aliyesingizia hubeba kifungo chenyewe. Miaka miwili wewe."

Lugusha alihesabu bila kutaka. Nyamizi yuko Bukoba, humpigia kila Jumapili. Wanunuzi wa asali hununua kwa mnada wa simu, anayenadi ni sauti. Na yeye ni mtu wa sabini na minne. Miaka miwili kwake inaweza kuwa ndiyo yote iliyobaki.

"Aombe radhi," alisema, akitazama meza. "Si maneno tu? Aseme, yaishe."

Bi Devota alivaa tena miwani. Aliandika.

*

Alhamisi walimkalisha katika chumba kidogo chenye spika na feni. Upande wa pili, ofisi ya kata ya Maneromango ilikuwa imemfungulia Tatu sauti kwa dakika kumi. Bi Devota alisoma vifungu, akamaliza, akasema, "Mshitakiwa, una nafasi ya kusema."

Spika ilitoa sauti ya pumzi. Pumzi ilikuwa fupi, yenye mluzi ndani yake. Lugusha aliikunja kofia yake mikononi. Alijiambia lazima ataanza na tusi, dogo tu la kufungulia njia. Alijiandaa kabisa kulipokea.

"Shikamoo, Mzee Lugusha," alisema Tatu.

Miaka arobaini. Tatu alimjua akiwa kijana wa mabega, alimwona akiwa bwana harusi, baba, mjane. Alimwita mzoga, nguchiro, gunia la pumba, mkwe wa fisi. Hakumwamkia hata mara moja. Siku aliyomzika mkewe alimwita mwizi wa jogoo.

"Shikamoo," alirudia Tatu, kwa sababu hakujibiwa. Sauti ilikuwa ndogo na safi, imefuliwa na kupigwa pasi, sauti ya mwanamke anayezungumza na mtu asiyemjua kwenye dirisha la ofisi. "Mimi ni mtu mzima, nilikosa adabu. Ile siku nilitamka maneno yasiyofaa. Naomba—"

"Mzee, itikia kwanza," alinong'ona Bi Devota. "Lazima iingie kwenye kumbukumbu kwamba umempokea."

Neno moja tu. Marahaba. Mtoto wa miaka mitatu analijua. Angelisema, mlango wa Tatu ungefunguliwa, dawa yake ingekuja, na kila Ijumaa baada ya hapo wangeulizana hali. Habari za huko. Nzuri. Mvua je? Tunashukuru. Na Kalunde, aliyekuwa hai ndani ya matusi yao, ambaye hakutajwa kwa kebehi na mtu mwingine yeyote hapa duniani, angekuwa marehemu kama marehemu wengine, anayeombewa dua kwa sauti ya chini.

"Bi Tatu," alisema Lugusha, "nyamaza."

Pumzi upande wa pili ilisimama.

"Bi Devota, andika. Mimi Lugusha nilisema uongo. Huyu mama hakunitisha. Mashine iliponiuliza nilisema ndiyo kwa kujua kwamba ni hapana, nikimcheka. Andika hivyo hivyo."

"Umefikiri vizuri? Nikishabonyeza siwezi kurudisha."

"Darasa la nne linatosha kwa hili."

"Lugusha," alisema Tatu, na sauti ilikuwa imeanza kukunjika tena, "usijifanye mwanamume kwangu. Binti yako je? Acha niombe, nimalize, mimi hainiumizi."

"Inakuumiza. Umesema shikamoo kama mtu anayemeza mwiba." Alivaa kofia yake. "Na tena umeamkia vibaya. Wazaramo hamjui adabu hata mkifundishwa na serikali."

Kwenye spika kikatoka kile kicheko cha tumboni, cha chini, kilichochanika na kukohoa, na Bi Devota akageukia dirisha akawa anapanga karatasi ambazo zilishapangwa. Alipogeuka alimsogezea Lugusha kioo, asome kiapo na kukitamka.

Alikisoma kwa kidole, polepole, neno moja moja. Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho kuvuka laini yoyote kwa miaka miwili, na alitamani yangekuwa mazuri zaidi kuliko "kwa mujibu wa kifungu."

*

Nyamizi alipiga Jumapili, akalia, akamsimulia habari za watoto kwa saa nzima huku baba yake akitikisa kichwa mbele ya kopo la misumari. Asali aliiuza kwa jirani kumnadia, kwa bei ya jirani.

Ijumaa baada ya alasiri programu ililia.

"Wewe mzoga," alisema Tatu. Pumzi yake ilikuwa imenyooka. "Nasikia wamekuziba mdomo. Nchi nzima imepumzika, hata nyuki wamerudi."

Lugusha alikuwa na jibu. Lilikuwa zuri. Alilisema kwa sauti, likaishia bandani, kati ya mizinga.

"Sasa miaka miwili ni mimi tu," aliendelea. "Nitasema kila kitu. Nitaanza na ile siku ulipoangukia mtumba wa nguo za mkwe wako. Halafu nakuja na lile jembe. Kaburi nitalichimba fupi, maana umesinyaa, nikishakunyonga hutahitaji—"

Mlio laini. "Samahani, Mzee Lugusha. Maneno uliyoambiwa yana dalili za tishio la kifo. Je, unathibitisha? Sema ndiyo au hapana."

Lugusha alikaa. Msikizi alingoja, Tatu naye alingoja. Jogoo wa jirani alipita mlangoni, akachungulia, akaenda zake.

"Hakuna jibu lililopokelewa," ilisema ile sauti. "Simu inaendelea."

"Umeiona hiyo?" alisema Tatu taratibu, kama mtu aliyefungua kabati akakuta sukari. "Hawawezi kunishitaki bila mdomo wako. Yarabi. Miaka miwili, Mnyamwezi. Utakoma."

Akaanza. Alimtukana ndevu, tezo, ukoo, nyuki, mwendo. Alimtukana kwa niaba yake na kwa niaba ya Kalunde, kwa sauti ya Kalunde, ile hasa, na Lugusha alijibu kila tusi hewani mpaka koo likamkauka. Baada ya muda akagundua kitu. Kila mwisho wa tusi, Tatu alinyamaza kidogo. Hazikuwa pumzi, pumzi zake alizijua. Alikuwa akiacha nafasi, yenye urefu uleule wa jibu lake, tangu zamani.

"Na yule mbuzi," alisema Tatu, "Kalunde aliniambia kabla hajafa kwamba ni wangu."

Akanyamaza. Lugusha akasema, mbele ya gogo la mninga, kwamba Kalunde hakusema hivyo, kwamba alimpa yeye, tena kwa maandishi.

"Mwongo," alisema Tatu.